Kiangazi Tulichohitimu Kiingereza

Nyinyi wa rika langu mliobaki, tuliokulia Kasongo wakati serikali ya Wabelgiji, Bula Matari mwenyewe, bado ina nguvu ya kumtoa mtu kitandani akafagie barabara, nisaidieni kuapa mbele ya hawa wajukuu. Tulisema Kiingereza. Hawaamini. Wananitazama, bibi kizee nisiye na meno ya mbele, mikono imejaa unga wa mikate ya mchele, kisha wanatazamana na kucheka. Wao wanajifunza kwa simu. Wanaiamkia simu, simu inaitika, na kabla ya kulala wanaishukuru kwa heshima ambayo mimi bibi yao sijawahi kuipata. Sisi tulipokosa mtu wa kumwamkia tulimwamkia mbuzi wa jirani, na mbuzi yule hakuwahi kutukatiza katikati ya somo kwa kuishiwa chaji.

Siku zile mtoto wa Kasongo alikuwa na njia mbili za kusoma. Kulikuwa na shule ya mapadri, yenye kengele, chaki na benchi za kukalia, na kulikuwa na chuo cha Kurani, chenye mkeka, mbao za kuandikia kwa wino wa masizi, na fimbo ya mwalimu ambayo ilifika kila pembe bila yeye mwenyewe kuinuka. Sisi watoto wa Waislamu hatukupelekwa kwa mapadri. Wazee waliogopa kwamba mtoto ataingia Zaituni atoke Maria, na hofu yao haikuwa ya bure, maana walikuwapo waliorudi nyumbani na jina jipya na kukataa kuitika la zamani hata kwa chakula. Basi tulisoma Kurani kwa sauti, tukiyumba mbele na nyuma, mpaka mgongo ukajua kusoma kuliko kichwa. Lugha ya mzungu hatukuwa nayo hata kidogo.

Hapo ndipo Filomena alipopatia pa kutuonea. Filomena alikuwa jirani yetu, mtoto wa fundi mwashi, watu wa kabila la Wabangubangu waliotoka upande wa Kabambare kuja kujenga kwa mapadri. Alikuwa rafiki yangu asubuhi na adui yangu mchana, baada ya shule, kwa sababu alirudi na Kifaransa. Alisimama kati ya uwanja, akatukazia macho, akasema, “Silansi! A jenu!” Tulipomuuliza maana yake, alisema ni nyamazeni, pigeni magoti. Kifaransa chake chote kilikuwa hicho, na sala moja ya haraka haraka ambayo hata yeye hakujua inaomba nini. Lakini mimi, Zaituni binti wa fundi cherehani, niliyekwisha kuhitimu Kurani nzima, nilikuwa nakwenda nyuma ya nyumba kulia kwa wivu. Nilikuwa tayari kupiga magoti alimradi nipigishwe kwa kizungu.

Ndipo kiangazi kile Shangazi Mwajuma akaja. Alikuja na lori la kutokea Kabambare, baada ya kukwama njiani pale Wamaza mpaka abiria wote wakajua majina ya watoto wa dereva, akashuka akiwa mwekundu wa vumbi kuanzia kope hadi vidole. Alikuwa dada yake Baba, mrefu kumpita Baba, sauti kumpita pia. Aliolewa Ujiji, ng'ambo ya ziwa, na mfanyabiashara wa dagaa. Mume alipofariki, hakurudi kulia kwetu kama watu walivyotazamia, bali alikwenda Kigoma kutafuta kazi kwa Waingereza. Akawa yaya. Aliwalea watoto wa bwana mmoja wa serikali ya kule, na mwaka ule wazungu wake walikuwa wamekwenda kwao kupumzika, naye akaomba ruhusa ya kuja kututazama mpaka kiangazi kiishe. Katika sanduku lake alikuwa na sabuni ya kunukia. Mji mzima ulipita nyumbani kumpa pole ya safari, na kila mtu aliondoka amenusa.

Siku ya pili yake, akinywa chai ya tangawizi barazani karibu na cherehani, alimwambia Baba jambo lililonifanya niache kupepeta mchele.

“Nipe huyu mutoto. Kule Ujiji iko masomo ya watoto wetu wanamuke. Anajifunika ushungi wake, anasoma, na hakuna mutu anamuuliza habari ya kubadilisha jina.”

Baba aliendelea kukanyaga cherehani mpaka mwisho wa pindo. Alikuwa mtu wa kushona jambo hadi mwisho kabla ya kujibu jingine.

“Mutoto asiyehitimu hatoke mu nyumba yangu,” alisema.

“Lakini Baba, nimehitimu!” nikadakia kutoka uani, ungo mkononi.

“Umehitimu ya Mungu. Kule unaenda kwa Waingereza. Hitimu na ya kwao kwanza. Siwezi kupeleka mutoto kwa watu aende kukaa tu kama gunia.”

Shangazi alicheka, akamwambia Kiingereza hakihitimiwi, hakina mwisho. Baba akavua miwani. “Kurani ni maneno ya Mungu, na iko na mwisho. Sembuse maneno ya Waingereza? Muna siku mupaka mvua ya kwanza.” Kisha akauliza, kwa uso wa mtu anayeuliza bei ya khanga, Kiingereza kina juzuu ngapi.

Shangazi hakupepesa jicho. “Inategemea mutoto,” alijibu.

Mpaka leo sijui kama Baba alikuwa anatafuta njia ya kukataa bila kukataa, au kama kweli aliamini. Nadhani aliamini. Sisi watu wa Kasongo elimu tuliijua kwa namna moja: unaanza mwanzo, unayumba, unapigwa, unafika mwisho, unavikwa nguo nyeupe na kutembezwa mjini kwa matari, na jioni watu wanakula wali. Elimu isiyo na wali mwishoni tulikuwa hatujaiona bado. Mimi mwenyewe niliona ni sawa kabisa. Nilitaka kwenda Ujiji kiasi cha kukosa usingizi, na kama kilichotakiwa ni kufika mwisho wa Kiingereza, basi kiletwe.

Nyumbani hatukuweza kusoma. Kila tulipoketi, mama alikumbuka mpunga wa kutwanga. Kwa hiyo Shangazi alitutoa nje. Alinichukua mimi, na binamu yangu Ramazani aliyekuwa na tumbo kubwa na moyo mdogo, na Filomena, ambaye shule yao ilikuwa imefungwa kwa kiangazi na ambaye alikuja, alivyosema, kusikiliza tu kama Kiingereza kinafaa. Tulikuwa tunatembea mji mzima. Leo watoto wakipelekwa matembezi wanabebwa kwenye gari, wananunuliwa soda, wanapigwa picha wakiwa wamenuna. Sisi tulitembea kwa miguu na karanga mfukoni, vumbi la mwezi wa saba likitupanda hadi magotini, moshi wa mbuga zilizochomwa ukituchoma macho, na tulicheka njia nzima.

Sasa mjue jambo moja kuhusu Kiingereza cha Shangazi. Alikipata katika chumba cha watoto, na kila neno alilolijua lilikuwa neno la chumba cha watoto. Hakujua Kiingereza cha barua, wala cha duka, wala cha kuomba kazi. Alijua kuamsha, kuogesha, kulisha, kukemea na kulaza. Alipotupeleka sokoni kutufundisha majina ya vitu, tulizunguka kati ya wauza majani ya sombe, mawese na samaki wa moshi tukitafuta kijiko, taulo na mto wa kulalia, maana hivyo ndivyo alivyokuwa na majina yake. Samaki hakumjua. Muhogo hakuujua. Muuza chumvi mmoja alituuliza tunatafuta nini, Filomena akamjibu kwa majivuno kwamba tunatafuta mto wa kulalia, na mama yule akatuonyesha njia ya hospitali.

Kijitoni ndiko tulikosoma zaidi. “Woshi yuwa hendi!” alipiga kelele Shangazi, na sisi tukanawa mikono. Halafu shingo, halafu nyuma ya masikio, na kila kiungo kilisafishwa kwa amri yake na kwa kipande cha ile sabuni. Kiangazi kile tulioga kuliko miaka yetu yote iliyotangulia tukiijumlisha. Mama yake Ramazani alishtuka, akamwita mwanawe kando, akamnusa, akamuuliza ni binti wa nani anayemtaka.

Halafu tukaenda mto Lualaba. Ilikuwa safari ya kutoka alfajiri, na vibuyu vya maji na wali wa jana kwenye majani ya ndizi, kwenda kutazama meli inayoshusha magunia. Meli haikuja. Meli za wakati ule zilikuwa na adabu kama za mabwana wenye meli. Lakini ukingoni palikuwa na udongo mweupe, laini, na hapo Shangazi akabuni mchezo uliotufanya tusahau meli. Alimwita Ramazani, akampaka udongo ule usoni, mikononi na tumboni, akamwambia, “Weye ni muzungu mudogo.” Halafu akanifunga leso yake kiunoni, akasema mimi ndiye yaya.

Nilisimama mbele ya mzungu wangu, mkono kiunoni, kama nilivyomwona yeye akisimama. “Weki apu!” nikamwamrisha, nikimaanisha amka, na Ramazani aliyelala mchangani akaamka. “Sidauni!” Akaketi. Nikamwambia anawe, akanawa. Nikamnyooshea kidole nikamwita “Noti boi!”, yaani mtoto mtundu, na akainamisha kichwa chake cheupe kwa aibu. Siwezi kueleza utamu wake. Sisi wazungu tulikuwa tunawajua kwa kutuamrisha tu: ondoka, beba, kimbia, vua kofia. Hatukuwahi kufikiri kwamba kuna mahali mzungu anaambiwa anawe na mtu mweusi, naye ananawa. Shangazi aliishi mahali hapo. Alilipwa kwa kufanya hivyo.

Filomena alikuwa ameketi kando akisikiliza tu. Akatazama, akatazama, kisha akainuka akapangusa mchanga. “Kifaransa yetu,” alisema polepole, “ni ya kutupigisha magoti sisi. Hii Kingereza yenu ni ya kupigisha wao.” Akaomba leso. Tangu siku ile hakutusemesha Kifaransa tena mpaka shule zilipofunguliwa.

Mchezo wa yaya ulienea. Watoto wa mitaa mingine walikuja, kila mmoja anataka kuwa yaya, hakuna anayetaka kuwa mzungu. Ikabidi uzungu uwe adhabu: aliyechelewa, aliyeiba karanga, aliyejikwaa akiimba, alipakwa unga wa muhogo na kuamrishwa mpaka jua lizame. Ramazani alikuwa mzungu karibu kila siku, na alianza kulalamika kwamba amechoka kutawaliwa. Tukikaa kupumzika tulirudia maneno yote kwa pamoja, tukiyumba mbele na nyuma kama chuoni, kwa sababu hatukujua namna nyingine ya kuyaweka kichwani. Filomena naye aliyumba. Mama yake alimwona akiyumba akiwa peke yake jikoni, akakimbia kwa padri.

Mawingu yalipoanza kukusanyika upande wa Kabambare, nilianza kuhesabu siku kwa hofu. Nilimuuliza Shangazi tumebakiza kiasi gani. Aliketi ukingoni mwa kijito, na nikaona kwamba na yeye anaogopa. Kisha akanishika bega.

“Mutoto anaamka asubuhi, kweli? Ananawa, anakula, anacheza, anagombezwa, anaoga, analala. Kisha kulala iko nini tena?”

“Hakuna.”

“Basi ndiyo mwisho wa Kingereza.”

Akakipanga chote, kuanzia amka hadi zima taa ulale, na jioni moja nikakisoma mbele ya Baba, nikiyumba, nikifanya na ishara zake, kwa kuwa maneno na ishara tulivijifunza pamoja na sikujua kuvitenganisha. Baba alisikiliza macho yamefumbwa, kidole kikihesabu aya juu ya goti. Nilipofika kwenye kulala, nikanyamaza. Baba akasubiri kidogo, kuona kama kuna kilichobaki, kisha akaitikia, “Amina.” Alikuwa amelowa macho. Akakata kitambaa cheupe usiku ule ule.

Nilitembezwa mjini kama mhitimu. Matari yalipigwa, akina mama walipiga vigelegele, wenye kuku walinipa mayai, na watoto wa kiangazi wote walinifuata wakiimba amri za kuoga kwa Kiingereza. Wazee waliouliza nimehitimu nini waliambiwa, wakatikisa kichwa kwa heshima. Hakuna aliyecheka. Ilibaki karatasi ya ruhusa tu, maana wakati ule huwezi kutoka kwenu kwenda kwingine bila muhuri wa boma, na Baba akaona ni vizuri tuifuate moja kwa moja, na nguo nyeupe hivi hivi na matari hivi hivi, ili bwana mkubwa aone kwamba mtoto anayeombewa si gunia.

Bwana wa boma tulimwita Sasa-Hivi, kwa sababu hakuna amri yake iliyoishia kwa neno jingine. Alitoka barazani aliposikia matari, na nyuma yake alitoka Mgiriki mwenye duka, aliyekuja kwa mambo ya leseni na aliyewahi kufanya biashara Kigoma. Baba alieleza, kofia mkononi. Sasa-Hivi alimsikiliza, akanitazama, akapendezwa. Akamwita karani alete karatasi na muhuri.

“Weye toto,” alisema, “sema ile Kingereza yako. Miye nasikia. Sasa hivi.”

Nilimtazama Shangazi. Akanipa ishara ya kichwa. Nikaweka mkono kiunoni.

Nilianza mwanzo, kama inavyotakiwa. Nikamwamsha kwa sauti kubwa. Akatabasamu. Nilipofika kwenye kuketi, nikamnyooshea kiganja chini, na Sasa-Hivi, wallahi, akaketi kwenye kiti chake. Nikamwambia anawe mikono, nikaitazama mikono yake, na yeye akaitazama. Ilikuwa na wino. Nikamnyooshea kidole, nikamwita mtoto mtundu mara mbili, kwa kuwa mahali pale palikuwa na mkazo. Nikamwogesha, nikampengesha kamasi, nikamlaza. Nilipomaliza alipiga makofi, akasema “Bravo!”, akatuma peremende ziletwe kutoka ndani. Alidhani ni shairi la kumsifu. Kwa maneno yake mwenyewe alisema, “Muzuri sana, hii toto iko na heshima,” akachukua muhuri kutoka kwa karani, akauinua.

Mgiriki alikuwa ameegemea nguzo. Alikuwa mwekundu kama nyanya, mashavu yamevimba, machozi yanamtoka, na nadhani mtu yule alijitahidi. Lakini kicheko kilimshinda, kikamtoka kwa nguvu mpaka mbwa wa boma wakabweka. Sasa-Hivi akamuuliza kuna nini. Mgiriki akajaribu kukataa, akaulizwa tena, akasema. Alimweleza kwa Kifaransa, amri moja baada ya nyingine, akipangusa macho kila mara, na ule muhuri ukabaki hewani.

Ukashuka mezani, mbali na karatasi yangu.

“Nani alikufunda hii maneno?”

Nilibana midomo. Nilikuwa tayari kupigwa. Lakini Shangazi alikwisha kusogea mbele, akasimama wima na urefu wake wote.

“Ni miye, Bwana.”

“Weye ulisema hivi kwa watoto ya wazungu?”

“Ndiyo, Bwana. Kila siku.” Kisha akaongeza, kama mtu anayesaidia, “Na walikuwa wananawa.”

Karani akainama chini ya meza kutafuta kitu ambacho hakikuwa kimeanguka. Sasa-Hivi hakucheka. Alisema mwanamke huyu ruhusa yake imekwisha, apande lori la kwanza la kwenda Kabambare na avuke ziwa, na asirudi. Mtoto abaki hapa mpaka ajifunze heshima. Ilisemwa sasa hivi, na ikawa sasa hivi. Peremende zilizokuwa zimeletwa zilirudishwa ndani.

Tulirudi nyumbani bila matari. Nilikuwa nalia kwa kwikwi ndani ya nguo yangu nyeupe, na nilijua kwamba Baba atanipiga, maana nilikuwa nimemtia aibu mbele ya Bula Matari. Alinikalisha kwenye kigoda. Akamwambia Shangazi afasiri. Kumbe yeye hakuwahi kujua maana. Alikuwa amesikiliza mchana na jioni na kulia machozi bila kuelewa neno, kama tunavyolia kwa Kiarabu.

“Sema tena,” aliniambia. “Ile ya kuketi. Na yeye aliketi?”

“Aliketi, Baba.”

“Na mikono? Aliangalia mikono?”

Nikasema. Shangazi akafasiri. Baba aliinamia cherehani yake, mabega yakatikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akaomba maji. Aliniamuru nianze upya tangu amka, na majirani wakaitwa, na fundi mwashi baba yake Filomena, Mkristo wa kila Jumapili, akaja akajibwaga mkekani akishika mbavu. Jogoo akachinjwa, wali ukapikwa. Nilihitimu. Lakini nilikula wali wangu huku najua siendi popote, na sijawahi kula wali mchungu vile.

Lori liliondoka asubuhi, likiwa na magunia ya mchele na mbuzi kwapani mwa mtu. Shangazi alikaa juu kabisa. Mimi nilisimama chini, macho yamevimba, kamasi zinanifika kidevuni, na Filomena ameshika mkono wangu. Lori likawashwa. Nilitaka aseme neno kwa Kiingereza, neno la mwisho, kwa kuwa lugha ile ilikuwa yetu. Naona na yeye alitaka. Alifungua mdomo akatafuta, na hakulipata, maana katika Kiingereza chake hapakuwa na kuagana. Watoto wa chumbani hawaagani na yaya, wanalazwa tu. Akanitazama. Kisha akanikemea kwa sauti yake yote, juu ya kelele za lori.

“Doni kirai! Bulo yuwa nozi!”

Usilie. Penga kamasi. Nikapenga kwa ncha ya leso, na lori likaenda na vumbi lake.

Hakurudi. Alituma sabuni kwa wasafiri mara kadhaa, halafu uhuru ukaja, na vurugu zake, na barabara ya Kabambare ikawa ya kupita wenye bunduki tu. Alizikwa Ujiji. Herufi za kizungu nilijifunza ukubwani, watoto wangu wakiniona, na Ujiji sijaiona mpaka leo. Niliumia kwa miaka mingi, na sitajidai kwamba niliacha.

Lakini nikiwasikiliza hawa wa sasa, wenye Kiingereza kirefu cha simu, nacheka peke yangu. Ni kizuri, kimenyooka, hakina udongo. Ila kila wanapokitumia wanakitumia kuomba. Sori hivi, pilizi vile, wanaomba kazi, wanaomba viza, wanamwomba radhi mtu wasiyemkosea. Hakuna hata mmoja anayejua kumwamrisha mkubwa akanawe mikono. Sisi tuliishia kwenye kulala, lakini tuliyoyajua yalimketisha Sasa-Hivi.

Mwezi uliopita mjukuu wangu Salima, huyo huyo anayenicheka kuliko wote, alipata nafasi ya kwenda kusoma Kampala. Pikipiki ilikuja kumchukua alfajiri, mzigo ukafungwa kwa mpira, akapanda nyuma ya dereva na mabuti yake mapya, na ghafla binti mkubwa yule akaanza kulia kama mtoto. Nilitaka kumpa maneno ya bibi. Sikuyapata. Nikaweka mkono kiunoni.

“Doni kirai,” nikamwambia. “Bulo yuwa nozi.”

Alifungua mdomo, nikajua anataka kunisahihisha matamshi. Nikamnyooshea kidole.

Akapenga.